Povu Lisilonuka

Kahawa ikiiva, mimi na jirani yangu Osea hugombana. Ni desturi yetu, kama kuvuna. Yeye anakaa juu ya kijito cha Ntete, mimi nakaa chini yake. Kahawa yake anaimenya kwa mashine, anaiosha, na maji machafu anayarudisha kijitoni. Maji hayo hutoa povu na hunuka uchachu, kama pombe iliyosahauliwa. Basi napanda na ndoo yangu hadi kwake, namwambia maneno. Naye ananijibu. Mkewe anatuletea chai na viazi. Tukishashiba tunaagana hadi wiki ijayo.

Juu zaidi ya Osea, kilimani, kuna mtambo wa kufua umeme kwa makaa ya mawe. Binti yangu Nesta anafanya kazi huko. Kazi yake ni kutunza maji ya mtambo. Mtambo nao hunywa maji, na maji yake lazima yasafishwe kwa dawa kali. Wakati huo alikuwa na miezi minne kazini, bado miwili ya majaribio. Kanisani mimi, kwa fahari, nilikuwa nimeshahamia benchi la mbele.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, saa mbili asubuhi, nilishuka Ntete kuchota maji. Baridi ilikuwa kali. Nikakuta povu jeupe limejaa kwenye mawe. Nikachovya mkono. Maji yalikuwa yanateleza kama mlenda.

Nikasema moyoni, Osea leo amevuka mpaka. Nikapanda.

Njiani nilipita nyumba sita. Kila nyumba nilisimama nikatangaza habari za Osea, na sauti yangu haihitaji kipaza sauti. Nyumba ya sita ni ya Mercy. Alikuwa anafua sare za kwaya. Akasema yeye halalamiki, maji ya leo yanatoa povu hata kabla ya sabuni.

Nilimkuta Osea amekaa chini na bisibisi mkononi. Mashine yake ya kumenya kahawa ilikuwa vipande vipande juu ya gunia.

"Mama Nesta," akasema, "leo umekuja kunigombeza kwa kahawa ipi? Mashine imekufa tangu Jumapili. Nasubiri kifaa kutoka Tunduma."

Nilimwonyesha maji kwenye ndoo. Akainama akanusa. Akanusa tena. Akaniambia kahawa inanuka, hata mtu mwenye mafua anaijua. Povu hili halinuki. Halafu akatazama mkono wangu. Ulikuwa umeanza kuwa mwekundu, na ulikuwa unawasha.

Hapo simu yangu ikalia. Alikuwa Nesta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hata siku ya balaa, mtoto niliyemlea mimi anaanza na salamu.

"Mama, umegusa maji ya Ntete?"

Nikamwambia nimegusa. Sauti yake ikabadilika. Akanieleza yote bila kuzunguka. Saa moja asubuhi alikuwa anajaza tangi la kostiki soda. Ni dawa ile ile tunayotengenezea sabuni kwenye kikundi chetu cha akina mama, ila yao ni ya maji, na ni kali mno. Kabla ya kujaza tangi, sharti ufunge mlango wa mfereji wa maji ya mvua. Yeye hakuufunga. Mpira wa kupitishia dawa ukachomoka. Dawa ikamwagika, ikaingia mferejini, na mfereji unaishia Ntete. Alifunga koki upesi. Yeye na wenzake wakaziba mfereji kwa viroba vya mchanga. Lakini iliyotoka ilikuwa imeshatoka.

"Nani amekuona hujafunga huo mlango?" nikauliza. Ndilo swali la kwanza lililonijia, na silifichi.

"Hakuna, mama. Nilikuwa peke yangu."

Akasema msimamizi wake, Edson, alimshauri asiharakishe. Edson si mtu mbaya. Alisema wapime kwanza ni lita ngapi zimemwagika, taarifa wataitoa kesho ikiwa imekamilika. Tena alimkumbusha kwamba hajathibitishwa kazini.

Nikasogea nyuma ya jiko la Osea. Nikashusha sauti, kwa mara ya kwanza mwaka huo.

"Sikiliza, mwanangu. Huku watu wote wanajua hili ni povu la Osea. Nimewaambia mwenyewe, nyumba sita. Wewe nyamaza tu."

Nesta akaniacha nimalize. Nikadhani amekubali.

"Mama," akasema, "mimi nimeshatoa taarifa tangu saa moja na robo. Nimemwambia meneja. Nimepiga ofisi ya bonde la maji, na meneja amepiga Baraza la mazingira. Mwenyekiti nimempigia mara nne, hapatikani. Sasa nakupigia wewe, kwa sababu mdomo wako unafika kabla ya gari la mtambo. Shuleni wanachota maji ya uji saa tatu. Wanachota Ntete."

Nikaangalia saa kwenye simu. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Akanipa maagizo, nami nikayarudia ili ajue nimeyashika. Mtu asinywe maji ya Ntete, asioge, asifue. Mifugo isishushwe. Samaki waliokufa wasiokotwe. Aliyeguswa na maji avue nguo zilizolowa, ajioshe kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu. Aliyekunywa asitapishwe, apelekwe zahanati mara moja. Na mtu asijifanye fundi akamwaga ndimu au majivu kijitoni.

Nikarudi kwa Osea. Ningeweza kumwambia ni mtambo, nikaishia hapo. Mtambo ni mkubwa, una mabega ya kubeba lawama. Lakini mtoto alikuwa ameshajitaja mwenyewe. Nitamfichia nini?

"Osea, si wewe."

"Najua si mimi. Ni nani?"

"Ni Nesta wangu."

Alinishika mkono, akanipeleka kwenye tangi lake la maji ya mvua, akaumwagia maji mkono wangu mpaka nikahisi ganzi ya baridi. Kisha akachukua fimbo yake.

"Twende," akasema. "Kila nyumba uliyonitukania, leo utanisafisha."

Tulianza kwa Mercy. Sare za kwaya zilikuwa kwenye beseni, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kuwaka. Nikamwambia aache, ajioshe kwa maji ya akiba. Nikamwambia sababu, na jina la mwanangu. Neno hilo la jina lilikuwa zito nyumba ya kwanza. Nyumba ya pili lilikuwa zito vilevile. Nyumba ya tatu Osea alitaka kunisaidia kulisema, nikamkatalia. Lilikuwa langu.

Nyumba ya nne walikuwa na beseni la kambare waliookotwa asubuhi, wanashukuru Mungu kwa riziki. Niliwaambia kambare hao hawakuja kwa hiari yao. Walinuna, lakini wakawafukia.

Nyumba ya sita, ya mwisho tukishuka, ni ya Gasper, mwenyekiti wetu wa kitongoji. Simu yake ilikuwa mezani, imezimika. Tunakaa chini ya mtambo wa umeme, na simu ya mwenyekiti haina chaji. Nilimwambia tutalizungumza hilo siku nyingine. Alidandia pikipiki yake, akaenda shuleni. Osea akaenda kugonga kengele ya kanisa.

Gasper alifika shuleni saa tatu na dakika tano. Mpishi alikuwa ameshabandika sufuria. Maji yalikuwa yanaanza kutoa mvuke, na unga ulikuwa pembeni. Wakaepua sufuria, wakafunga mlango wa jiko. Watoto mia tatu na zaidi walikosa uji siku hiyo, na wengine walilia njaa. Kilio cha njaa ya asubuhi moja ni wimbo mtamu ukijua kingekuwa kilio gani.

Saa tano akafika mtaalamu kutoka ofisi ya bonde la maji. Ni mama kijana anaitwa Tulinagwe. Alivaa glavu na buti, akachovya kikaratasi kwenye maji. Kikaratasi kikageuka rangi ya zambarau iliyokolea. Akatueleza kwamba rangi hiyo maana yake maji yana ukali wa kuunguza ngozi, na yakinywewa yanaunguza koo na tumbo. Akachukua maji kwenye chupa, akaandika saa na mahali. Akatuambia sampuli achukue mtaalamu, sisi tupige picha tu kwa mbali.

Gasper akamuuliza, mtu akiona jambo kama hili atoe taarifa gani, maana wengi huogopa kupiga simu bila kujua kila kitu.

"Mzee, usisubiri kujua kila kitu," Tulinagwe akasema. "Sema umeona nini, wapi, saa ngapi, na maji yanaelekea upande gani. Sema kama kuna mtu au mnyama ameguswa. Lita ngapi, tutajua baadaye. Dawa ikishaingia kwenye maji haisubiri, inashuka."

Akasema taarifa ya Nesta ilikuwa hivyo hivyo. Hakujua kiasi, akasema hajui. Alijua kosa lake, akalitaja. Ndiyo maana ofisi ilijua ni dawa gani kabla gari halijaondoka, na zahanati ikajua itibu nini. Wangesubiri kesho, yeye Tulinagwe angekuja kuhesabu wagonjwa.

Nilikuwa nimesimama hapo na mkono umefungwa kitambaa. Sikusema kitu. Osea aliwaambia watu waniangalie vizuri, huenda ninaumwa.

Mtambo ulituletea maji kwa boza siku nne, mpaka Tulinagwe alipopima tena na kusema Ntete ni salama. Hakuna aliyekufa. Mercy alichubuka vidole, akapona. Ndama mmoja alikufa, mtambo ukamlipa mwenye ndama. Sasa mlango wa ule mfereji hauachiwi mtu mmoja. Usipofungwa, pampu haiwaki. Tangi limejengewa ukuta kulizunguka. Na hapa kijijini, kwa mwenyekiti na shuleni, kuna ubao wenye namba za simu za kutoa taarifa. Gasper anachaji simu yake kila siku, maana nampigia kuhakikisha.

Ila Tulinagwe ni mtu wa macho mengi. Alipokuwa anapanda kufuata kijito, aliona bomba la Osea la maji ya kahawa. Akamwagiza achimbe shimo, maji hayo yasirudi Ntete. Nilifurahi sana. Alipokuwa anashuka, aliona mfereji wa maji yangu ya sabuni. Nami nikachimba. Osea alikuja kuketi kwenye kiti akanitazama nikichimba, akaniletea viazi.

Na Nesta? Muda wa majaribio ulipoisha alileta barua mbili nyumbani. Moja ni ya onyo, kwa kutofunga mlango wa mfereji. Nyingine ni ya kumthibitisha kazini, na ndani yake meneja amemshukuru kwa kutoa taarifa mapema. Edson alimwambia mwenyewe kwamba siku nyingine hatasema kesho.

Nimezitundika zote mbili sebuleni. Nesta aliniomba niitoe ile ya onyo, inamtia aibu kwa wageni. Nimekataa.

Juzi Osea alikuja kunigombeza kwa jambo jingine. Akasimama mbele ya ukuta, akazisoma barua polepole, kidole juu ya kila neno.

"Mama Nesta," akasema, "hii ya onyo umeitundika juu ya ile ya sifa. Umekosea."

"Sijakosea. Soma tena. Wanasema mlango haukufungwa. Nani aliyewaambia?"

Akarudisha kidole kwenye barua ya onyo.

"Alikuwa peke yake," nikasema. "Bila mdomo wake, barua hiyo isingeandikwa."

Osea akavua kofia. Kisha akasema mdomo huo ameurithi kwa mama yake, ila yeye anautumia vizuri. Nikamruhusu anywe chai.