Gari Lililonyamazishwa

"Mama Lusia, hilo gari lenu siku hizi linasaga mahindi au linasaga watu?"

Ndivyo mzee Qamara alivyomwuliza Katarina juu ya ua uliotenganisha mashamba yao hapa Karatu, asubuhi moja ya mwaka themanini na moja, akicheka mpaka kikohozi kikamshika. Katarina naye alicheka, kwa adabu ya ujirani. Alipogeuka kuchukua jembe lake, kicheko kilikuwa kimeshamtoka, maana mlio ule hata yeye alikuwa ameusikia.

Ndugu zangu, nyumba ile ilikuwa na raha yake. Bartolomeo, mume wa Katarina, alifanya kazi gereji ya shamba moja la kahawa kule Oldeani, na mwenye shamba alipoondoka alimwachia Land Rover kuukuu ya kijani. Kwa gari hilo Bartolomeo alibeba maharage, wagonjwa, maharusi na mbuzi, kutoka Karatu kupanda hadi Lodoare, geti la hifadhi, na kuzunguka ukingo wa kreta mpaka Endulen. Mnaikumbuka barabara ya siku zile: mawe, makorongo, na ukungu usiokuacha uone boneti yako mwenyewe.

Kila Jumamosi ilikuwa siku ya gari. Bartolomeo aliliosha, akachokonoa kwa kijiti tope lililoganda kwenye springi, akapaka grisi, akakaza nati moja moja. Halafu alilala chali chini yake, viganja vikigusa vyuma, akaita, "Haya, rukeni!" Katarina na binti yao Lusia wakapanda bampa la nyuma na kulitikisa gari juu chini, kanga zikipepea, majirani wakiwacheka.

"Kinacholia kama mlango mkavu ni bushi, mpira wake umekwisha," sauti yake ilitoka chini. "Kinachogonga ngo-ngo-ngo kwenye kila shimo ni nati zimelegea, au shokapu imekufa. Lakini mkisikia ta! moja tu, gari likikata kona au nikikanyaga breki, hilo ni jani la springi, kile chuma bapa kinachobeba ekseli, limepasuka. Hapo hakuna safari. Sikio linakupa upande, mkono unakuonyesha mahali."

"Na baba akilia usiku, tujue ni nini?" Lusia akauliza.

"Ni ugali wa mama yako haukuiva!"

Basi wakacheka wote, na chai ya maziwa ikanywewa pale pale kwenye majani, mikono ikinuka grisi na sabuni ya mche. Hata leo Katarina akipita karibu na gereji, ile harufu humsimamisha.

Kwa jinsi alivyolijua gari lile, Katarina hakuhitaji saa. Lilipoanza kushuka kilima cha juu, alilitambua kwa ngurumo yake akaweka maji ya ugali jikoni. Mume alipovuka kizingiti, chakula kilikuwa mezani.

Ndipo zikaja zile shida za petroli. Petroli ikipatikana, kila mtu alitaka kubebwa siku hiyo hiyo, na Bartolomeo hakujua kukataa. Alianza kusafiri hata Jumamosi. Wiki ya kwanza aliruka grisi, wiki ya pili hakukaza nati. Baadaye hakuna aliyepanda tena bampa. Na tope la Endulen, ndugu zangu, likikaa kwenye chuma halikai bure.

Katarina aliusikia mlio ukikua. Kwanza mlango mkavu, kisha kugonga. Halafu jioni moja, Bartolomeo alipokata kona kuingia uani, akasikia ta!

"Baba Lusia, springi imepasuka. Upande wa kulia, nyuma."

"Heee! Umekuwa fundi lini?"

"Tangu uliponifundisha."

Bartolomeo akalala chini, akatazama. Kweli, jani kubwa lilikuwa na ufa. Springi nyingine, nzima, nayo ilikuwepo: kule Oldeani kulikuwa na Land Rover bovu lililolala kwenye nyasi, na msimamizi wa shamba alishamwambia aje akafungue anachotaka. Kilichohitajika ni siku moja tu ya kulilaza gari.

"Wiki ijayo," alisema. "Kesho nawapeleka wanakwaya Endulen. Nimeshaahidi."

Asubuhi, siku ya Jumamosi, alikwenda kwa mzee Qamara, akaomba kipande cha ngozi mbichi ya ng'ombe.

"Ya nini?"

"Kufungia springi."

"Bwana, mimi ngozi mbichi nafungia jembe," Qamara alisema. "Jembe likichomoka najikalia chini, nacheka. Wewe utajikalia wapi?" Lakini alimpa, kwa kuwa hapa kwetu jirani hanyimwi.

Bartolomeo aliikaza ngozi kuzunguka ule ufa, akaiacha juani hadi mchana, ikakauka na kubana kama pingu. Kati ya majani ya springi akapaka mafuta ya kondoo. Wanakwaya walipopanda, Lusia akiwa kati yao na kitambaa chake cheupe kichwani, gari lilitoka uani bila mlio wowote.

Katarina akakimbia hadi dirishani kwa dereva.

"Jana lilikuwa linapiga kelele. Leo nani kalinyamazisha?"

"Mimi. Si mlitaka kimya?"

"Nilitaka lipone."

"Mama Lusia, watu wanakwenda kumwimbia Mungu. Atatulinda."

"Masikio nayo ni yeye aliyekupa."

Bartolomeo akatia gia.

Jumapili ile Katarina alisali rozari yake kanisani, akarudi na kuchochea moto. Mnakumbuka ile sheria: Jumapili, ikifika saa nane mchana, magari yasionekane barabarani bila kibali. Kwa hiyo alijua Bartolomeo atakuwa anakimbizana na saa. Akakaa jikoni, sufuria mkononi, akisikiliza kilima. Alisikia mbwa. Alisikia watoto wa Qamara. Saa nane ikapita, maji hayakuwekwa jikoni.

Aliyekuja ni lori la serikali, likiwa na kibali chake, na nyuma walikuwamo wanakwaya wakilia.

Walimsimulia. Walilala Endulen, na ukungu uliilowesha ngozi usiku kucha, ikalegea na kuwa laini kama ilivyochunwa. Walipoanza kuteremka kuelekea getini, mlio ulirudi kwa nguvu. Wanakwaya wakaogopa. Bartolomeo akawaambia, "Imbeni, imbeni kwa sauti!" Wakaimba. Walikuwa katikati ya ubeti jani lilipokatika, ekseli ikahama, gari likavuta upande wa kulia. Mungu ni mwema, kulia kulikuwa na ukuta wa udongo. Korongo lilikuwa kushoto. Gari likaupanda ukuta, likalala ubavu.

Hakufa mtu. Lakini mguu wa Lusia ulibanwa chini ya chuma, na hospitali walifanya walichoweza. Alirudi nyumbani kwa mikongojo, kisha kwa fimbo. Bartolomeo hakushika tena usukani. Hukaa uani Jumamosi, akitazama pale kwenye majani alipokuwa akiliosha gari.

FUNZO

Ndugu zangu, chombo kinachokubeba kikipiga kelele, kinakuonya. Osha, tia grisi, kaza, tikisa, sikiliza, gusa. Kilichopasuka kibadilishwe siku hiyo hiyo, abiria wasubiri. Na anayekuambia "nasikia mlio" usimdhihaki, hata akiwa mke wako. Kunyamazisha onyo si kuponya ugonjwa. Na tusimbebeshe Mungu kazi aliyoiweka mikononi mwetu.

Mwaka jana Patrisi, mtoto wa kaka yake Katarina, anayeendesha watalii, alipita kunywa chai. Katarina alikuwa ameshamsikia tangu kilimani.

"Mwanangu, gari lako limetoa ta pale kwenye kona."

"Aa, shangazi! Ni barabara tu hiyo. Wageni wananisubiri hotelini, kesho tunapanda kreta. Nikiwafungulia redio hawasikii kitu."

Katarina hakubishana. Alimwita Lusia alete maziwa. Lusia akatoka jikoni, jagi mkono mmoja, fimbo mkono wa pili, akivuka sebule polepole, fimbo ikigonga sakafu. Patrisi alimtazama tangu mlangoni hadi mezani. Kisha akaweka kikombe chini, akatoka nje, akachukua spana zake garini, akalala chali chini ya gari.