Mwatum na Kigoda cha Mgeni

Kila alasiri, akitoka skuli, Mwatum alifagia ukumbi na kuchota maji. Kisha alikaa peke yake, akisikiliza cherehani ya shangazi yake, Bi Mwanapili, ikinguruma chumba cha pili. Ulikuwa mwezi wa tatu tangu aletwe mjini kutoka kijiji cha Uroa, na hakuwa na mwenziwe hata mmoja. Upweke ulimuuma, asikwambie mtu!

Jioni ndiyo ilikuwa afueni yake. Watoto walikusanyika mbele ya televisheni ya mtaa kutazama katuni. Humo, mbwa mnene akivutiwa kiti, huanguka kwa kishindo, kisha huinuka mzima. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu, na Mwatum akajiona mmoja wao. Katuni ikisha, hakuna aliyemuaga.

Siku moja Mize, msichana wa jirani, alikuja kuchukua gauni lake la Sikukuu. Alikuwa mtoto wa kwanza kuingia nyumba ile. Mwatum afanye nini ili asiondoke upesi?

"Karibu kitako," alisema, akasogeza kigoda. Mize alipotaka kukaa, Mwatum akakivuta, akangoja kicheko.

Wapi! Mize aliangukia mkono, akapiga ukelele. "Mama yangu we! Nshavunjika!"

Shangazi alikuja mbio. "Kuna nini?"

"Kigoda kimeteleza," Mwatum akasema.

Mize alimtazama tu, machozi yakimtoka.

Kesho yake Mize hakuja skuli. Jioni, mbwa wa katuni alipoanguka, Mwatum hakuweza kucheka. Alirudi nyumbani akamweleza shangazi kila kitu huku analia.

"Mtoto we! Umemkaribisha mwenyewe, kisha ukamwangusha?" Bi Mwanapili alisikitika. "Twende ukamtake radhi."

Walimkuta Mize amefungwa bendeji, mama yake, Bi Borafya, yuko ubavuni pake.

"Shikamoo, Bi Borafya," Mwatum alisema.

"Marahaba."

"Kigoda hakikuteleza. Nlikivuta mimi, kama anavyovutiwa yule mbwa wa katuni. Nlitaka Mize acheke, awe mwenzangu. Nisameheni."



"Si ungeniambia tu?" Mize akasema.

Bi Borafya alimsogeza Mwatum karibu. "Mwanangu, yule mbwa amechorwa. Hana mfupa wa kuvunjika, wala hana mama wa kumuuguza. Mambo ya katuni yacheke, usiyaige. Na ukimtaka mtu, mwambie kweli, usimuumize."

Mwatum akafuta machozi, akamgeukia Mize. "Nataka tuwe pamoja," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi kesho nipitie twende skuli," Mize akajibu. "Na mkoba wangu utaubeba wewe."