Nyumba Inayomfaa Mtu Mrefu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima Chizuru na mumewe Sosuke walipofika kuangalia nyumba ya kumi na saba. Zile kumi na sita zilimshinda Sosuke mlangoni tu. Urefu wake ni mita mbili kasoro sentimita mbili, na mafundi wa zamani wa nchi ile walijenga milango utadhani walikuwa wakiwajengea watoto. Paji lake la uso lilikuwa na makovu manne. Kulala alilala kimshazari, kuoga alioga ameketi, na kila alipopita mlangoni aliinama na kuomba radhi, hata kama hapakuwa na mtu wa kumwomba.

Ndiyo maana lile tangazo liliwapagawisha. Nyumba ya zamani, kodi ya chini. Anatakiwa mpangaji mrefu.

Dalali alikuwa mtu wa makamo aliyejitambulisha kwa jina moja tu, Kiichi. Kwenye simu aliuliza urefu wa Sosuke mara tatu. Alipowapokea kituo cha treni alimtazama toka unyayo hadi utosi, akacheka.

"Kaka, huko juu hewa ipo?"

"Ipo. Ila mvua inanifikia kabla yenu," Sosuke akajibu. Jibu hilo alikuwa ameshalitoa mara elfu moja.

Nyumba ilisimama peke yake mwisho wa bonde, na paa lake la nyasi lilikuwa kubwa kuliko nyumba yenyewe. Kiichi aliwaambia waache mifuko na simu garini, kwani huko mtandao haushiki. Yeye hakuvuka geti.

"Ingieni tu. Mwenye nyumba, Bibi Toyono, yumo ndani," alisema, akitazama chini. "Mimi nitasubiri hapa hapa."

Bibi Toyono aliwapokea kwa magoti. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, mweupe kama mtu asiyeota jua. Walipovua viatu, aliviokota vya Chizuru akavishika kwa muda, akivipapasa soli.

Ndani kulinuka masizi ya miaka mingi. Na chini ya masizi, harufu nyingine... Jasho. Jasho bichi la mtu aliye kazini.

Sosuke aliingia sebuleni ameinama kama kawaida yake. Halafu akainuka. Akainuka zaidi. Akanyoosha shingo yote.

"Chizuru," alinong'ona. "Nimesimama."

Chizuru alihisi machozi. Miaka sita ya ndoa, hakuwahi kuiona shingo ya mumewe imenyooka ndani ya nyumba. Moyoni alishasema ndiyo. Alishapanga hata kabati likae wapi.

Katikati ya sebule, chini ya boriti kuu, kulikuwa na nguzo iliyozungushiwa shuka jeupe toka juu hadi chini.

"Bibi, hiyo nguzo ina nini?" Chizuru aliuliza.

"Imechoka," alisema Bibi Toyono. Akamgeukia Sosuke, sauti yake laini. "Mwanangu, hebu simama pembeni yake. Nione kama kichwa kinafika."

Sosuke akasogea huku akicheka. Utosi wake uligusa boriti. Ulifika barabara, bila pengo.

Krrrk...

Nguzo ikashusha pumzi.

Shuka lilianza kushuka taratibu, kama mtu mzima anayejikalisha baada ya safari ndefu. Kutoka ndani yake ilitoka sauti, "Aaah..." Kisha likalala bapa sakafuni, na pembeni yake pakamwagika vumbi la kijivu.

Bibi Toyono alipiga magoti akalishika shuka kwa mikono miwili.

"Pole, Baba Kiichi. Pumzika sasa. Umefanya kazi."

Chizuru alimkimbilia mumewe akamvuta mkono. Hakusogea hata kidogo. Shingo yake ilikuwa imeingia mabegani, mishipa imesimama, miguu inatetemeka.

"Usinivute!" Sosuke alisema huku ameuma meno. "Nyumba yote iko juu yangu. Nikiiachia inakuangukia wewe. Toka, Chizuru. Toka kwanza, mimi nitakufuata."

"Utanifuata kweli?"

Sosuke alifumba macho. Hakujua kudanganya, na mkewe alilijua hilo.

"Bibi, leta gogo! Leta mti wowote tuegemeze!"

"Tulileta miti, binti yangu. Mwerezi, mwaloni, yote ilivunjika." Bibi alikuwa analikunja shuka, mara mbili, mara nne. "Mti hauna wa kumhofia. Hii nyumba inashikwa na mtu mwenye mtu wake chini ya paa. Kwa nini iko hivyo sijui. Hata mama mkwe wangu hakujua."

"Nikitoka je?"

"Ukitoka hana tena sababu. Miguu itamwishia. Mimi nilijaribu mara moja, Kiichi akiwa mchanga. Mguu mmoja tu nje, nikasikia goti la mume wangu likilia. Nikarudi ndani. Sasa ni miaka arobaini na moja."

Akaenda mlangoni akavaa viatu vya Chizuru. Yeye hakuwa na vyake. Aliinama sana, kwa heshima zote, akasema asante, akatoka.

"Mama!" sauti ya Kiichi ililia getini, sauti ya mtoto kabisa. Mlango wa gari ukafungwa. Injini ikawaka, gari likaondoka.



Chizuru alisimama kizingitini kwa soksi. Njia ilikuwa wazi mbele yake, hakuna kufuli, hakuna mtu wa kumzuia. Angeweza kukimbia kijijini akaleta wanaume kumi. Akatoa mguu mmoja nje.

Kak.

Lilikuwa goti la Sosuke.

Alirudi mbio. Akaketi chini ya boriti, akaikumbatia miguu ya mumewe, akahisi goti likipata nguvu tena. Alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa hofu. Mama na mwanawe waliwafanyia unyama huu kwa adabu, kwa magoti, kwa asante.

"Umechoka?" alinong'ona.

"Bado," alisema Sosuke. Jasho lake lilimdondokea mkewe shavuni.

Chizuru aliinua macho dirishani. Katika mabonde yale, majira ya baridi yakianza, kila asubuhi mtu wa nyumba hupanda juu ya paa na koleo kupakua theluji, maana ikiachwa huvunja boriti. Kwa nyumba hii bila shaka alikuwa akipanda Kiichi, na Kiichi ameshaondoka.

Nje, bila sauti yoyote, theluji ya kwanza ya mwaka ilikuwa imeanza kuanguka.