Ndama Aliyepelekwa Masoko

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tupokigwe aliingia bandani kumpa ng'ombe majani huku mama yake, Esnath, akikamua. Zamani aliipenda kazi hiyo kwa sababu ya Tunu, ndama jike aliyezoea kumlamba mikono. Sasa Tunu hakuwepo. Ng'ombe alikuwa akimlilia mwanawe, na Tupokigwe naye alitamani kulia.

Tunu alikuwa amepelekwa kijiji cha Masoko. Familia yao ya pale Ikuti ilipata ng'ombe kutoka kikundi cha wafugaji, na kwa utaratibu wa kikundi, ndama jike wa kwanza hupewa familia nyingine isiyo na ng'ombe. Tupokigwe aliujua utaratibu huo tangu mwanzo, ila moyo wake ulikataa katakata. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mama alimpeleka Tunu wakati Tupokigwe akiwa shuleni, hata kuagana wasiagane.

Siku moja darasani, Mwalimu Godwin alifundisha neno la Kiingereza "brutal". Alieleza kuwa ni sifa ya mtu katili, anayeumiza wengine kwa nguvu bila huruma. Kisha akawataka wanafunzi watunge sentensi. Abdala alitunga ya chui, Agness ya majambazi. Tupokigwe akasimama, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba mama yake ni "brutal".

Wanafunzi wote wakageuka kumtazama. Baada ya kipindi, mwalimu alimwita pembeni, akamuuliza taratibu kama anapigwa nyumbani. Kama ni kweli, alisema, ni lazima mama yake aitwe na kuhojiwa leo hii. Hasira za Tupokigwe zilimshawishi anyamaze tu, mama naye aone uchungu. Lakini alipomwazia mama yake akihojiwa kama mhalifu, machozi yalimtoka.

"Hapana, mwalimu," alisema. "Hajawahi kuniumiza. Amempeleka ndama wangu Masoko, na mimi namkumbuka sana."

Jioni mwalimu alimsindikiza nyumbani, na Tupokigwe mwenyewe akamweleza mama yake alichokisema darasani. Mama akakiri kwamba alimwondoa Tunu mapema kwa kuogopa kuwatazama wakiagana.

"Hata mimi nililia njiani, mwanangu," alisema. "Nilipaswa kukusubiri. Jumamosi twende tukamwone."

Tupokigwe alimwomba mama radhi. Mwalimu Godwin akamshika bega.

"Kumkumbuka Tunu si kosa," alisema. "Hata kumkasirikia mama si kosa; ungeweza kusema umekasirika, nasi tungekuelewa. Lakini neno la ukatili tumwachie aliyeumizwa kweli. Tukimbandikia neno hilo kila anayetuudhi, siku mtoto anayeteswa akilisema, nani atamwamini?"