Maji ya Kibuyu cha Moshi

Itangazwe kwa watu wote wa Lanet, wakubwa kwa wadogo: maji safi kuliko yote bondeni yalikuwa katika kibuyu cha Jeruto. Aliyetangaza ni Jeruto mwenyewe. Maji hayo aliyateka mtoni, chini kidogo ya pale ng'ombe wa shamba zima waliponywea na kufanya mengine pia.

Jeruto hakuwa mzembe. Kila asubuhi alisugua kibuyu kwa kaa la moto la mti wa senetwet, kama mama yake alivyomfundisha. Maziwa yakitiwa humo hukaa siku nyingi bila kuharibika. Basi akafikiri, kama moshi unalinda maziwa, utashindwaje na maji?

Kisha Jerop, binti yake mdogo, akaanza kuhara damu. Jirani yao Awuor, aliyefanya kazi zahanati, akampeleka kutibiwa. Waliporudi alimweleza Jeruto kwamba moshi hutunza maziwa na kuyapa ladha, lakini hauui vijidudu vya mtoni. Vijidudu hivyo havionekani kwa macho. Maji yachemke kwa nguvu, yafunikwe, yapoe katika chungu safi, wala yasichanganywe na mabichi.

Jeruto akaitikia, akachemsha. Lakini Jerop aliyakataa. Alisema hayana ladha, akalia.

Haukupita muda, damu ikarudi. Awuor akaja, akauliza kama maji yanachemshwa. Jeruto akaapa kwamba sufuria haipumziki. Awuor akammiminia mtoto kikombe kutoka chunguni. Jerop akageuza uso.

"Si haya," akasema. "Nataka ya kibuyu. Yale mama hunipa ukishaenda."

Jeruto akatazama chini.

"Alilia," akasema. "Nikamwonea huruma."

"Huruma nayo ichemshe, Mama Jerop."

Tangu siku hiyo kibuyu kikabaki cha maziwa, na maji ya kunywa yakapitia motoni kwanza. Jerop akapona, ila polepole. Wenzake walipoanza shule, yeye alikuwa bado anatembea kwa kushika ukuta. Kila asubuhi Jeruto aliwaona wakipita, akaingia ndani.

Mwaka uliofuata Jerop naye akaenda. Wanawake wa shambani wakaja kwa Jeruto kujifunza kuchemsha maji, wakamsifu kwa akili yake.

"Msinisifu," akawaambia. "Awuor aliniambia mara ya kwanza. Mimi nilisikia mara ya pili, na aliyeumia ni mtoto."