Swichi ya Pacha wa Mlangoni

Kimya alikiona kile kisanduku kabla hata hajaweka mkoba chini. Kilikuwa kimepachikwa ukutani, juu ya beseni la kunawia, hakizidi kipande cha sabuni, na kilikuwa na taa mbili ndogo zilizokonyeza kwa zamu. Ya njano ikikonyeza, ya kijani inaitikia. Njano, kijani. Kisha ikaja zamu nyingine, njano ikakonyeza, na ile ya kijani ikapapatika ovyo kama mtu anayetaka kusema mambo mawili kwa mpigo.

Hakumwambia mtu. Ndiyo maana walimwita Kimya. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hata darasani akijua jibu alilikalia mpaka mwenzake alitaje.

Kila siku akitoka shule alipitia kwenye kiwanda kidogo cha shangazi yake cha kutotolesha vifaranga. Alinawa mikono, akavaa kandambili za mle ndani, kisha akaongeza maji kwenye trei za chini ili hewa ya ndani ya mashine isikauke. Mashine zilikuwa tatu. Ile kuukuu, kubwa kama kabati la nguo, waliiita Bibi kwa sababu ilinguruma hata bila kuudhiwa. Mbili nyingine zilinunuliwa pamoja na zilifanana kwa kila kitu, basi zikawa Mapacha: Pacha wa Dirishani na Pacha wa Mlangoni.

Mayai hayana subira. Joto likipanda sana au likishuka kwa muda mrefu, vifaranga hufia ndani ya maganda. Kwa hiyo tangu kiwanda kifunguliwe, shangazi alilala humo humo, juu ya godoro jembamba lililotandikwa kwenye benchi, akiamka kila mara kuchungulia joto la kila mashine. Nyumbani palikuwa kona mbili tu kutoka hapo, lakini kitanda chake kilikaa kimetandikwa tu, hakilaliwi. Kimya alilala na Dada, binti mkubwa wa shangazi, ambaye alikoroma kumshinda Bibi.

Siku hiyo alikuwepo Fundi, mwanamume mnene mwenye bisibisi sikioni. Kimya alimwamkia kwa sauti ya chini, naye akaitikia marahaba huku akimenya waya. Alikuwa ameahidi kwamba usiku huo shangazi angelala kitandani kwake, la sivyo yeye asiitwe fundi tena.

"Basi tuanze kukutafutia jina jingine," Dada akamwambia akiwa amebeba trei ya mayai, "maana jua linashuka na wewe bado unaubembeleza waya."

Fundi alicheka, akawaeleza. Kila mashine ilijua kutaja joto lake, lakini kupitia waya wa kizamani ambao mtandao wa kompyuta hauelewi. Kisanduku kilikuwa mkalimani. Upande mmoja kilisikiliza mashine, upande wa pili kilipeleka maneno yao kwenye mtandao, mpaka kwenye kompyuta ya ofisini na kwenye simu ya shangazi. Joto likienda mrama, simu ingelia, naye angefika kiwandani kabla mayai hayajadhurika. Mashine zote tatu zilikuwa kwenye waya mmoja, kama wanafunzi waliokaa dawati moja. Kisanduku kiliita namba, na mwenye namba hiyo tu ndiye aliyejibu.

"Shida ni hawa Mapacha," Fundi alisema. "Wametoka kwa aliyewatengeneza wote wakiwa namba moja. Ukiita moja, wanaropoka wote wawili, unabaki na kelele."

Kimya akaelewa kwa nini taa ya kijani ilipapatika. Moyoni alifurahi, mdomoni hakusema kitu.

Fundi alibonyeza vitufe vya Pacha wa Mlangoni, akampa namba tatu, maana mbili ilikuwa ya Bibi. Lakini mashine haikubali namba mpya mpaka izimwe na kuwashwa upya. Alitaka kwenda ofisini, ng'ambo ya ua, kuangalia kompyuta. Shangazi na Dada walikuwa nyuma wakiosha trei. Akamwomba Kimya: akimpigia kelele kutoka kule, azime Pacha wa Mlangoni, ahesabu polepole mpaka kumi, awashe, kisha amjibu kwa neno 'tayari'.

Kimya akatikisa kichwa kukubali.

Swichi ya mashine ilikuwa imebandikwa utepe mwekundu. Neno la kwanza kabisa aliloambiwa na shangazi siku alipoingia humo ni kwamba swichi ya mashine yenye mayai haiguswi, awe nani, iwe kwa sababu gani. Aliwahi kumwona Dada akipigwa kofi mkononi kwa kuipangusa vumbi tu. Na ndani ya Pacha wa Mlangoni yalikuwemo mayai yaliyobakiza siku chache kuanguliwa.

Fundi akaita. Kimya akabandua utepe, akaweka kidole. Alisikia uvuguvugu wa mashine kwenye kiganja. Kidole hakikusogea. Alijiambia sasa, akajiambia tena sasa, na kidole kikawa kama cha mtu mwingine.

"Tayari?" Fundi alipaza sauti.

"Tayari," Kimya akajibu, akaubandika utepe kama ulivyokuwa.

Namba tatu haikujibu. Fundi alirudi, akakata ncha za waya, akazimenya upya. Haikujibu. Akabadilisha waya mzima. Akafungua kisanduku, akakipuliza, akakifunga. Jasho lilimtoka, na hakutania tena. Mwishowe alimwita shangazi, akamwambia kwa huzuni kwamba huenda Pacha wa Mlangoni ameharibika ndani, na kama ameharibika, basi hata joto analolionyesha yeye hawezi kuliapia.

Shangazi aliweka kiganja juu ya Pacha wa Mlangoni. Kisha akasema kwamba kama mashine haiaminiki, mayai hayawezi kubaki humo. Yangehamishiwa kwa Bibi, ingawa yalikuwa na vifaranga wakubwa ndani na kuyahamisha kungeua wengi. Akalishusha godoro alilokuwa amelikunja asubuhi, akalitandika benchini. Dada akafungua mlango wa Pacha wa Mlangoni, akaanza kuvuta trei ya kwanza.

"Dada, rudisha," Kimya alisema.

Ilitoka ndogo mno. Hakuna aliyegeuka. Akavuta pumzi, akasema tena kwa nguvu mpaka yeye mwenyewe akashtuka.

"Rudisha. Haijaharibika. Mimi sikuizima. Nilisema tayari, lakini kidole kilikataa."

Dada alisukuma trei ndani, akafunga mlango taratibu. Fundi aliutazama waya aliouchanachana, ukiwa umetapakaa sakafuni vipande vipande. Kimya alisubiri kugombezwa, macho kwenye kandambili.

Shangazi alimwuliza kwa nini. Alipojibiwa kwamba swichi haiguswi, alikaa kwenye benchi, akacheka kicheko cha mtu aliyejikuta ameketi juu ya ufunguo anaoutafuta. Alimweleza kwamba mayai hushika joto kama sufuria nzito, hayadhuriki kwa kuzima kidogo na kuwasha. Alikataza kwa ajili ya mtu anayezima akasahau. Sababu hiyo hakuwahi kumwambia, na hapo kosa lilikuwa lake.

Akamshika mkono. Wakabandua utepe wote wawili, wakazima. Chumba kikapungua mngurumo. Wakahesabu mpaka kumi, wakawasha.

Kwenye kisanduku, njano ikakonyeza na kijani ikaitikia. Mara tatu, kwa zamu, bila papara. Fundi alisoma kutoka ofisini kwa sauti ya mtangazaji: Pacha wa Dirishani nyuzi thelathini na saba na nusu, Bibi vivyo hivyo, Pacha wa Mlangoni vivyo hivyo. Akaijaribu kengele, na simu ikalia mfukoni mwa shangazi.

"Jina lako umelirudisha," Dada akamwambia Fundi. "Sasa ufagie."

Wakati Fundi akifagia, shangazi alimketisha Kimya kando yake.

"Kuogopa si kosa, mwanangu," alisema. "Lakini neno 'tayari' watu wanalijengea. Fundi amelijengea, akabomoa waya mzima. Mimi nimelijengea, nikakaribia kuua vifaranga. Siku nyingine kidole kikikataa, sema kidole kimekataa. Mtu atakuja, mtasaidiana, kazi itaendelea. Huo ndio uaminifu: kusema kazi ilipofikia kweli, hata kama haijafika popote."

Kimya akasema amesikia.

Walifunga kiwanda kukiwa bado na mwanga. Dada alitangulia kwenda kuwasha jiko. Shangazi alitembea polepole kama mgeni, kila baada ya hatua chache akiitoa simu kutazama zile namba tatu, kisha akiirudisha mfukoni na kutabasamu.

"Shangazi," Kimya aliita.

"Naam."

"Kila jioni nikikuaga pale mlangoni, huwa kuna neno nataka kukuambia, nashindwa."

"Neno gani hilo?"

"Twende wote nyumbani."