Pumzi za Mluzi

Mmenichosha. Kila mkija hapa na simu zenu ni "Bibi, tusimulie ile ya Mvumo, Bibi, ile ya koti," kana kwamba ni hadithi ya sungura. Sasa naiandika mara moja, kwa mwandiko wangu huu wa darasa la tatu. Atakayeniuliza tena nitampa masufuria aoshe. Na muisome mchana.

Siku ile nilikuwa na kazi ya kawaida kabisa: kupeleka koti kwenye uwanja wa tamasha la muziki kabla jua halijazama. Nilikuwa nimelifunga kwenye shuka jeupe, nimelilaza mkononi. Njia nzima nilisikia kitu ndani ya shuka.

Kinahema.

Lakini ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana nyinyi hamna subira, na mimi sipendi maswali.

Mluzi alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Mimi fundi cherehani, yeye mpiga kinanda cha mdomo, kile kidogo kinachoenea kiganjani. Mvumo alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa. Walipiga bluzi, wao wawili na mpiga ngoma mmoja aliyekuwa anasinzia hata jukwaani. Kama hamjui bluzi, ni muziki wa mtu anayelalamika. Mwimbaji anatoa mstari mmoja, ananyamaza, na chombo kinamjibu. Mstari, jibu. Mstari, jibu. Kama mume na mke wanaogombana mbele ya wageni.

Mvumo alilalamika, Mluzi akajibu. Na ubaya ulianzia hapo, kwa sababu watu walikuja kusikiliza jibu. Kwenye tamasha la mwaka uliotangulia, Mvumo akiwa katikati ya mstari wake, uwanja mzima ukaanza kuita, "Mluzi! Mluzi!" Niliuona uso wa Mvumo. Alicheka. Meno yote nje, macho hayamo.

Wiki hiyohiyo Mluzi akaja na kinanda chake mkononi.

"Dada, kuna mtu kakichezea."

"Kimefanyaje?"

"Kinapuliza tu. Hakivuti."

Akakifungua kwa bisibisi yangu ya cherehani. Kinanda kile kina vibati viwili vya shaba, kila kimoja na safu ya ndimi nyembamba kama kucha. Kimoja kinalia ukipuliza, kingine kinalia ukivuta. Kile cha kuvuta hakikuwepo. Kimetolewa, na skrubu zimerudishwa vizuri kabisa. Mwizi mwenye adabu.

"Unaona, dada? Pumzi hupita njia moja tu. Inaingilia mgongoni mwa kibati, inatokea kwenye ndimi. Huwezi kuilazimisha irudi."

Nikamwambia anunue kingine aache kunijazia meza. Basi ndivyo nilivyomjibu.

Siku ya tatu akaanza kuhema. Kutoa pumzi, anatoa. Kuvuta, hawezi. Daktari akasikiliza kifua, akapiga picha, akasema mapafu mazima. Na kila jioni Mvumo alipoanza kuimba kwenye baa iliyokuwa ng'ambo ya barabara, midomo ya mdogo wangu iligeuka rangi ya majivu. Mvumo yuleyule, ambaye sigara zilikuwa zinamkata hata kabla mstari haujaisha, sasa aliimba mistari mitatu bila kumeza mate. Watu wakasema kapata kipaji ukubwani.

Miezi mitatu. Tukamzika.

Mvumo alilia kaburini kuliko ndugu wote. Mimi sikulia. Nilikuwa nakitazama kifua chake kinavyopanda na kushuka, kimejaa, kimeshiba.

Mtu akifa anapata angalau jambo moja, anapumzika. Mdogo wangu alinyimwa hata hilo. Jioni ya nane baada ya mazishi nilikuwa napika. Chumba chake nilikuwa nimeshakifunga, kitanda nimekivua godoro. Ng'ambo ya barabara Mvumo akaanza kuimba.

Chumbani kukaanza...

Hhhh... hhhh... hhhh...

Nikazima jiko. Nikasogea. Chini ya mlango ilitoka harufu ya ile dawa ya kuchua niliyokuwa nampaka kifuani, kali, kama imefunguliwa sasa hivi. Chaga za kitanda zikalia. Nikafungua mlango.

Hakuna mtu.

Hhhh... hhhh...

Palepale ukutani, alipokuwa analaza kichwa.

Wimbo ulipoisha, kuhema kukaisha. Wimbo wa pili ulipoanza, kukaanza tena. Kila jioni, karibu miezi tisa. Amekufa, na bado anatumikishwa. Nikakaa juu ya chaga zile, nikamnong'oneza, "Vumilia, mdogo wangu. Nitajua kakuweka wapi."

Ndipo ikafika siku ya tamasha. Mchana, baada ya chakula, mke wa Mvumo akaingia kwangu mbiombio na koti kwenye mfuko.

"Shoga, niokoe! Koti halifungi kifuani na jioni ndiyo tamasha. Kifungo kimeruka hadi kwenye mchuzi!"

"Mumeo anajua umelileta?"

"Thubutu! Kalala. Hataki mtu aliguse, hata kulifua. Mwaka mzima halijaona maji. Hebu nusa mwenyewe."

"Sina haja. Limeshanisalimia tangu mlangoni."

Akacheka, maskini, hakujua kitu yule mwanamke. Akaniambia nilipeleke moja kwa moja uwanjani, akaenda kusukwa.

Koti lile nililishona mimi. Nilishona mawili pacha, la Mvumo na la mdogo wangu, na la mdogo wangu tulimzika nalo. Mshono wangu naujua kuliko sura yangu. Nilipoligeuza ndani nje, chini ya titi la kushoto, kwenye bitana, nikakuta mshono usio wangu. Hatua kubwakubwa, uzi mweusi uliopakwa nta. Mshono wa mtu aliyeshona usiku akiwa na haraka.

Nikachukua wembe.

Kikatoka kifurushi cha kitambaa cheusi, ukubwa wa kiberiti, kimezungushiwa nywele. Nywele fupi, nyeusi, zenye mvi mojamoja. Mluzi alianza kuota mvi akiwa na miaka ishirini na tano. Nikakiweka mezani, kando ya cherehani.

Kitambaa kikapanda.

Kikashuka.

Kikapanda.

Nikakishika. Kilikuwa na joto, kama yai lililotoka chini ya kuku. Nikapapasa juu ya kitambaa, nikazihesabu kwa kidole. Ndimi. Kibati cha kuvuta, kizima. Na ndimi zilikuwa zimeelekezwa upande wa mvaaji, kifuani kwa Mvumo. Pumzi inaingilia mgongoni, inatokea kwenye ndimi. Inatoka kwa Mluzi, inaingia kwa Mvumo. Hata mtu wa darasa la tatu angeelewa.

Najua mngefanya nini nyinyi. Mngekichoma moto na kuomba dua. Nami nilishika kiberiti, sikatai. Lakini nikikichoma kile, Mvumo angepoteza nini? Angerudia sigara zake na pumzi zake fupi, angezeeka, angekufa kitandani watu wakimwimbia. Kuchoma kulikuwa ni kumsamehe.

Nikakigeuza.

Basi, hilo tu. Ndimi zikatazama nje, mgongo wa kibati ukamtazama Mvumo. Nikakirudisha palepale, nikakishona kwa uzi uleule wa nta, safu tatu, hatua ndogo ndogo, mshono wangu. Nilipofunga kifundo cha mwisho, chumbani kwa Mluzi kulisikika mtu akivuta pumzi. Moja, ndefu, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji.

Halafu kimya.

Nikatoa pindo la koti kifuani, nikapachika kifungo, nikapiga pasi. Kazi ni kazi.

Nilifika uwanjani jua likiwa jekundu nyuma ya mapaa. Mafundi mitambo wanavuta nyaya, wapiga tarumbeta wanagombania kioo. Mvumo nilimkuta nyuma ya jukwaa, kavaa shati tu, anapekua masanduku kama kuku. Aliponiona na lile shuka, rangi ikamtoka.

"Dada... nani kakupa?"

"Mkeo. Lilikuwa halikufungi."

Akalinyakua. Akaupeleka mkono moja kwa moja chini ya titi la kushoto, akabonyeza. Akakisikia kipo. Mabega yakashuka.

Akaninong'oneza, "Ulilifungua?"

"Nimetoa pindo, nimepachika kifungo. Ulitaka nilifungue nitafute nini?"

Nikamvalisha mwenyewe. Nikamnyoosha kola, nikamfunga vifungo vyote mpaka juu, nikampigapiga kifuani.

"Imba vizuri, mdogo wangu," nikamwambia. "Leo wapo wengi."

Sasa mjue alikuwa na desturi yake, na wapiga bluzi wenzake wote waliisifu. Tangu Mluzi afe, alikataa kuweka mtu mwingine. Aliacha kipaza sauti cha Mluzi kimesimama jukwaani, na baada ya kila mstari aliinamisha kichwa, akaacha nafasi ya jibu ipite kimya. Watu walikuwa wanalia. Heshima, walisema. Unafiki una mavazi mengi.

Akapanda. Akapiga gitaa. Akaimba mstari wa kwanza:

"Niliamka asubuhi, rafiki yangu hayupo..."

Akainamisha kichwa. Kimya.

Mstari wa pili. Akainamisha kichwa.

Nikasikia kitu. Chembamba, kama upepo kwenye tundu la ufunguo. Nikadhani ni masikio yangu, lakini mpiga ngoma alikuwa amefumbua macho, na yule mtu hakufumbua macho bure.

Mstari wa tatu. Sauti ya Mvumo ilipungua katikati, akaumalizia kwa kukwaruza.

Na kinanda kikajibu.

Kizima. Karibu. Kile kilio cha Mluzi cha kupinda mwishoni, ambacho hakuna mwingine aliyekiweza. Uwanja ukalipuka. "Mluzi! Mluzi!" Walidhani ni kanda. Nikamgeukia fundi mitambo aliyesimama kando yangu. Alikuwa ameshika waya.

"Mama," akasema taratibu, "kile kipaza sauti hakijachomekwa."

Mvumo alitaka kuacha. Nilimwona. Aliufunga mdomo, akauziba kwa kiganja, gitaa likaning'inia. Kinanda hakikuacha. Kila kilipolia, kifua chake kilibonyea ndani ya koti, kikabonyea tena, kama mfuko unaofyonzwa. Akavuta vifungo. Havikukatika. Mimi nikishona kifungo, kimeshonwa.

Akanitafuta kwa macho katika watu wote wale. Akanipata.

Nikamtazama tu.

Akaanguka jibu likiwa bado linaendelea. Lililia mpaka mwisho wa wimbo, likapinda, likanyamaza. Watu walipiga makofi muda mrefu sana kabla hawajagundua kwamba haamki.

Wakamchana koti ili apate hewa, wakalitupa pembeni. Nililiokota mimi. Safu zangu tatu zilikuwa palepale, hakuna uzi hata mmoja uliokatika. Nikabonyeza.

Patupu.

Nikaikata bitana yote kwa wembe pale pale nyuma ya jukwaa. Hakuna kibati, hakuna nywele, hakuna kitambaa. Kilikokwenda, nilikuja kukusikia baadaye.

Maana hakufa. Mnadhani ningewasimulia kwa furaha hivi kama angekufa? Daktari yuleyule alisikiliza kifua chake na kusema mapafu mazima, ila alitoa vifaa masikioni haraka na hakutaka kurudia. Mvumo akivuta pumzi, kinanda kinalia. Akitoa, kimya. Akivuta, kinalia. Akiwa macho au amelala, mchana na usiku, kile kilio cha kupinda. Majirani walihama. Mkewe alivumilia wiki mbili akaja kwangu na sanduku. "Shoga, niliolewa na mwanamume. Sikuolewa na bendi."

Chumbani kwa mdogo wangu hakujasikika kitu tena tangu jioni ile. Mnapolala humo mkija kwangu, mnalala salama.

Mvumo aliniita mara moja, miaka mingi baadaye. Nilimkuta kitandani, kakonda, mikono juu ya kifua kama anayekiziba. Pumzi moja ilimtosha neno moja, na kati ya maneno ilibidi tungoje kinanda kilie.

"Dada... kitoe."

"Nani alikutengenezea?"

Akatikisa kichwa. Hilo lilihitaji maneno mengi, hakuwa nayo. Mganga gani, kwa sharti gani, mpaka leo sijui.

"Nataka... kufa."

"Kufa basi. Nimekushika?"

Akalia bila sauti. Muuguzi ndiye aliyenieleza nje, barazani, huku akiangalia nyuma. Alisema moyo wa yule mzee umeshasimama mara mbili. Mara mbili wamemfunika shuka mpaka usoni, wameandika saa. Na mara mbili, mama, lile shuka limepanda.

Msinitazame hivyo. Alichukua pumzi za mtu, na pumzi zina idadi. Sasa ni lazima azivute zote, moja moja, mpaka ya mwisho, ndipo aruhusiwe kwenda. Mluzi alikufa na miaka thelathini na miwili, na ukoo wetu hatufi upesi. Mama yetu alifika tisini na tisa, akafa anagombana. Mvumo amelipa miaka arobaini.

Bado ishirini na saba.